Lenzi Mbili na Uso wa Dada

Mpiga picha mmoja, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Tabasamu kwa neno alilowaambia wateja mchana kutwa, alikuwa na lenzi mbili mezani, na roho yake haikutulia.

Ukizitazama ni pacha: zote milimita themanini na tano, zile za kupigia nyuso. Lakini hata pacha hawafanani tabia. Moja ilikuwa kuukuu, ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia, aliyoachiwa na fundi aliyemfunza kazi. Hiyo ilikuwa na huruma. Ukipigwa nayo, makunyanzi huyeyuka kama ukungu. Ya pili mpya, mwenye duka la kamera alimpa aijaribu. Jioni angepita kuchukua mojawapo: ama airudishe mpya yake, ama wabadilishane kwa ile kuukuu.

Bi Tabasamu angeamua upesi, lau si dada yake mkubwa. Huyu aliungua shavu kwa maji ya moto utotoni, na tangu hapo picha hataki. Ukutani kwao umo ukoo mzima, hadi paka, yeye hayumo. Juzi wajukuu wakamwuliza kwa nini hayumo. Ndipo akaja studio kwa miguu yake.

"Leo tu, mdogo wangu. Nikiichukia, usinitajie kamera mpaka naingia kaburini."

"Kaa, dada. Tabasamu."

"Nitabasamie nini? Mimi si mteja wako."

Bi Tabasamu akaifunga ile kuukuu kwenye kamera, kama afanyavyo kwa kila amwoneaye huruma. Picha ikatokea kwenye skrini, kovu limelainika, halipo wala si kwamba halipo. Akangoja shukrani.

"Huyu nani?" dada akauliza.

"Wewe."

"Mimi? Huyu hajaungua hata kwa kiberiti! Wajukuu watanitafuta humo wanikose. Bora ukuta ubaki ulivyo." Akajitanda mtandio, akainuka.

"Dada yangu, nakusihi. Moja tu."

Dada akaguna, akakaa. Bi Tabasamu akabadilisha lenzi.

Picha ya pili ilipotokea, wote wawili wakaisogelea skrini. Kovu lote lilikuwepo, mikunjo juu ya mikunjo, likimeremeta kama mchanga uliopitiwa na maji. Bi Tabasamu alikuwa ameliona tangu azaliwe, ila siku ile ndiyo alilitazama. Jamani, kuna kuona na kuona! Kila ukope ulisimama peke yake. Akalikuza jicho. Ndani ya mboni mlikuwa na dirisha, na mbele ya dirisha mtu mdogo kama sisimizi, ameinama.

"Nani huyo ndani yangu?" dada akanong'ona.

"Mimi, dada."

Dada akaigusa skrini kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayegusa mtoto aliyelala. "Kumbe umepanga humu siku zote, na kodi hulipi."

Wakacheka, kisha wakarudi kutazama.

Mwenye duka alipobisha hodi, Bi Tabasamu akamkabidhi ile kuukuu.

"Una hakika?" akashangaa. "Hiyo mpya haina staha. Wateja watakukimbia."

Aliyejibu ni dada, kutoka kitini, mtandio ameuweka pembeni:

"Ondoka hapo mlangoni, bwana, unatuzibia mwanga. Bado hatujamaliza."