Baraka Iliyobaki Mdomoni

Mzee Mwongera wa Mikinduri alikuwa na jambo moja tu la kumfanyia mwanawe Mwenda, na siku moja ya kulifanya. Kesho yake madaktari wangemtoa koromeo lenye kansa, na sauti iende nalo. Kwao Meru, baba humbariki mwana kwa maneno, kisha humtemea mate kidogo kifuani. Mwenda hakuwahi kubarikiwa. Alipoamua kwenda utawani, mzee alimpa mgongo, na ukaidi huo ukamtafuna moyo miaka yote.

Leo Mwenda alikuwa akisimikwa abati, mkuu wa monasteri iliyoko upande wa Kiirua. Watawa wenye mvi walimpigia magoti mmoja baada ya mwingine, wakiahidi kumtii. Hata kwenda kuzika mama zao, wangemwomba ruhusa yeye. Mzee hakujua acheke au alie. Kijana ambaye yeye mwenyewe alimfunza kufunga kamba za viatu, leo wazee wazima wanamwita Baba!

"Si umwambie tu kuhusu hiyo operesheni?" bintiye Lenah alimnong'oneza.

"Wacha. Usimharibie siku."

Zamu ya familia ikafika. Mzee akajikongoja mbele, maneno na mate tayari mdomoni.

"Mzee, piga magoti," mtawa mmoja akamwambia, akimshika bega kwa heshima zote.

"Lakini mimi ndiye..."

Kwaya ikaimeza sauti yake. Magoti yakakunjika, mkono wa mwanawe ukatua kichwani, na ikawa baba ndiye anayebarikiwa. Akameza mate yake kwa uchungu.

"Baba, leo niko na wageni wa askofu," Mwenda akasema akimwinua. "Jumatano nitakuja nyumbani tuongee vizuri."

"Ni sawa, Baba Abati."

Jumatano alikuja kweli, lakini hospitalini, kwa kuwa Lenah alishindwa kunyamaza. Akapiga magoti kando ya kitanda ili asali. Hatimaye kifua cha mwanawe kilikuwa karibu. Mzee akajitahidi. Midomo ilicheza bila neno, pumzi ikikoroma kwenye tundu ambalo madaktari walimtoboa shingoni. Basi angalau mate! Akayakusanya, lakini mdomoni hamkuwa tena na pumzi ya kuyatema. Yakamtiririka kidevuni.

"Pole, Baba. Usijisumbue," Mwenda akasema, akimpangusa kwa kitambaa hadi pakakauka.

Kisha akasimama, akanyoosha mkono, akambariki babake mara ya pili.