Sauti Iliyorekodiwa Kati ya Makoti

Solange Pelchat alikuwa mtia mwanga. Usicheke, ni kazi. Kwenye studio ya gemu yupo anayechora milima, yupo anayemfundisha mbwa wa kompyuta kutembea, na yupo anayeamua jua litokee wapi na kivuli cha mti kianguke upande gani. Huyo wa mwisho ndiye Solange. Pale Montréal, ghorofa ya juu ya kilichokuwa kiwanda cha kushona suruali, alikaa miaka na miaka akiwasha mapambazuko ya dunia zisizokuwepo. Ukimwona mchezaji kasimama katikati ya vita, kaacha kupigana, anasema "hebu lione lile anga," ujue Solange kapita hapo.

Alipozaliwa, mkunga alisema ni mvulana, na kijiji kizima kikamwamini mkunga. Solange mwenyewe hakumwamini hata siku moja. Alipovuka thelathini alichoka kubishana kimoyomoyo, akajitambulisha kwa jina lake, akaanza kuishi. Studio walizoea upesi kuliko alivyotegemea. Mwanzoni walijikwaa ulimi, wakaomba radhi, kisha likawa jambo la kawaida kama theluji ya mwezi wa kwanza.

Kilichomshinda ni sauti. Nguo zilikubali, nywele zilikubali, hata uso ulikubali. Sauti ikagoma palepale kifuani, nzito. Dukani waliomwona walimwita bibi, lakini kwenye simu, asipoonekana, ni "ndiyo bwana, subiri kidogo bwana." Basi akaikimbia simu. Akitaka piza, anamwomba jirani ampigie.

Na hapo ndipo palipokuwa na donda lenyewe. Baba yake, mzee Rosaire, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kule kijijini Saguenay, macho yalikuwa yamezima. Ujumbe wa Solange alisomewa na binti yake mwingine, Ginette. Kila Jumapili mzee aliuliza lilelile: "Kwani huyu binti yangu hana mdomo?" Ginette alimfikishia, na Solange alijibu kwa kuandika kwamba kazi zimembana. Uongo mtupu. Mzee alichukua muda kujifunza kumwona binti, na alipomwona kweli, macho yakaondoka. Sasa amebaki na masikio. Akiisikia sauti ile peke yake, gizani, si atamsikia yule mvulana tena? Solange aliliogopa hilo kuliko kifo, na mimi simlaumu.

Mwaka ule studio ilikuwa ikitengeneza gemu ya mto ulioganda nusu. Mchezaji huvushwa na nahodha mmoja, Aurore, ambaye naye, kama Solange, mkunga alimkosea. Fabrice, mwandishi wa hadithi, aliandika kwa nia njema kabisa, na nia njema ikamponza: alilifanya jambo la Aurore kuwa siri kubwa inayofichuliwa mwishoni, violini zikilia. Solange aliisoma, akaenda hadi mezani kwake.

"Fabrice, mimi unanijua?"

"Nakujua, shangazi."

"Ulinigundua lini? Violini zilipigwa?"

Fabrice akawa mwekundu hadi masikioni, studio nzima ikaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka mwishowe. Aliandika upya. Aurore akawa mtu: anagombana na barafu, anaiba kwenye karata, anaimba vibaya. Kuna mahali pamoja tu anapomvika abiria mwenye baridi koti lake la zamani. "Vaa," anasema. "Nililishona wakati bado wananiita kwa jina jingine. Jina lilinibana. Koti halijawahi." Basi, kivuko kinaendelea na safari yake.

Sasa, studio zina desturi yao. Kabla waigizaji wa kulipwa hawajaja, wafanyakazi huazima midomo ili gemu isiwe bubu. Huitwa sauti ya muda. Mhasibu ameshakuwa joka, mfagiaji ameshakuwa malkia na watu wakainama. Na chumba cha kurekodia pale kwao kilikuwa kabati la makoti, kwa sababu makoti ya baridi humeza mwangwi. Bastien, fundi wa sauti, mtu wa mzaha asiyeisha, alimganda Solange.

"Shangazi, sentensi chache tu za Aurore."

"Mwombe Mireille." Mireille ndiye mkuu wa studio.

"Mireille anasoma kama anatangaza msiba."

"Na mimi nina sauti ya trekta."

"Basi nipe hilo trekta! Nitaifuta, naapa kwa mama yangu."

"Mama yako umemwapia mara ngapi mwaka huu?"

"Hajawahi kulalamika."

Akaingia. Mlango ukafungwa, giza likanuka sufu mbichi na mbwa wa watu. Hakuna aliyemwona, na labda ndiyo sababu kwa mara ya kwanza hakuibana sauti wala kuinyoosha kooni. Aliiacha itoke. Alipotoka, Bastien alikuwa kimya, na Bastien kukaa kimya ni habari. Solange akadhani anamwonea aibu.

"Futa," akasema.

Baadaye alikuja mwigizaji, mama mwenye sauti laini, akasoma vizuri, akaenda zake. Solange akalala usingizi.

Jumamosi moja ya Februari watengeneza gemu wa mjini walikusanyika kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kuonyesha kazi zisizokwisha. Buti zilikuwa zikiyeyusha theluji mlangoni, supu ya njegere ilikuwa jikoni, na foleni za watu kila meza. Solange alikuwa anakata pai ya sukari aliposikia kwenye spika:

"Panda! Usisimame kama nguzo. Barafu haimsubiri mtu."

Kisu kikamponyoka. Ilikuwa sauti yake.

Kosa ni la kawaida kwa watu hawa, wenye nakala chungu nzima za gemu moja zinazofanana kama mapacha. Bastien alikuwa amebeba nakala ya kabla ya mwigizaji. Solange hakungoja maelezo. Alipiga magoti, akajipenyeza chini ya meza, akaushika waya wa umeme. Angeuvuta mambo yakaisha. Lakini juu yake kulikuwa na kimya cha ajabu, akachungulia.

Aliyekuwa anacheza ni mwanamke mkubwa wa umbo, nywele nyeupe zimesukwa mkia mmoja nyuma. Aliitwa Huguette, dereva mstaafu wa magari ya kuondoa theluji. Aurore alikuwa ndiyo kwanza amemvika koti. Huguette hakuendelea na safari. Alishuka kwenye kivuko, akapanda tena ili asikie tena. Akashuka, akapanda. Foleni nyuma yake haikunung'unika. Kisha akaweka chini kile kidude cha kuchezea na kusema, na alichotoa kifuani kilikuwa kizito vilevile:

"Huyu anaongea kama mimi."

Akawageukia waliokuwa kwenye foleni.

"Maisha yangu yote nacheza hizi gemu. Nimekuwa mchawi, nimekuwa askari, nimekuwa hadi chura! Mimi mwenyewe sijawahi kuwa. Dukani nanyoosha kidole tu, sisemi, wasije wakageuka kunitazama. Na huyu anafokea barafu na watu wanapanda chombo chake." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Ni nani huyu? Mnamjua?"

Bastien akatazama chini ya meza. Wote wakatazama chini ya meza.

Ee Mola, ni ajabu gani ile! Solange aliyewasha mapambazuko yasiyo na idadi hakuwahi kuona uso ukipambazuka namna ile. Kile alichokificha kama kidonda kilikuwa kimesimama hadharani, na mtu mzima anakitazama kama anavyotazama jua la kwanza baada ya majira marefu ya baridi. Waya ukamtoka mkononi.

"Ni mimi," akasema kutoka kule chini.

Huguette alicheka huku analia. "Toka huko, dada yangu, utaumwa magoti!"

Bastien alikuwa amekauka. "Shangazi, nimekosea nakala. Naibadilisha sasa hivi. Niliapa na nilitakiwa kuifuta. Ilikuwa nzuri mno, nikashindwa."

Mireille akasogea na kikombe chake cha kahawa. "Sauti ni yako. Ukisema itoke, inatoka leo, na hakuna atakayekuuliza kwa nini. Ukisema ibaki, mwigizaji nitazungumza naye mimi. Unasemaje?"

"Nisubirini," akasema Solange.

Akapanda ngazi, akatoka nje bila koti. Watu wale wangeweza kuipenda sauti yake mpaka kesho, lakini kulikuwa na masikio mawili tu aliyoyaogopa. Akaibonyeza namba ya nyumbani kabla moyo haujambadilikia. Ginette alikuwa dukani, mzee akapokea mwenyewe.

"Halo?"

"Halo," Solange akasema kwa sauti yake yote, bila kuibana. "Mmeamkaje huko? Ng'ombe hawajambo?"

Aliisikia saa ya ukutani ya jikoni kwao ikigonga. Aliisikia pumzi ya mzee. Kidole kikasogea kwenye kitufe cha kukata.

"Mama?" akasema mzee Rosaire.

Solange akashindwa kuelewa.

"Mama, ni wewe?" Sauti ya mzee ilikuwa ya mtoto kabisa.

Bibi Philomène, mama yake Rosaire, alifariki Solange hajaanza shule. Alichobakiza kijijini ni sifa moja: alikuwa akisimama mlangoni anawaita ng'ombe walioko ng'ambo ya mto, na ng'ombe wanakuja.

"Hapana, baba. Ni mimi, Solange."

Mzee alivuta pumzi ndefu. "Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu! Binti yangu anayo sauti ya mama yangu, na miaka yote hii ukaninyima."

Solange alikaa kwenye ngazi za kanisa, palepale kwenye theluji. Alilia kwa sauti, na sauti ikatoka nzito, na kwa mara ya kwanza hakuiziba mdomoni.

"Usilie, mwanangu. Wala usikate. Sema. Sema chochote, mimi nasikiliza."

Mlango ukafunguka nyuma yake. Bastien akamfunika koti mabegani, akauliza kwa macho. Solange alimwitikia kwa kichwa kwamba ibaki, akamfukuza kwa mkono arudi ndani. Kisha akalitazama anga, akatafuta aanzie wapi, akaanzia pale alipopajua.

"Theluji inaanguka, baba, ile nyepesi. Jua liko kushoto kwangu, limefifia, rangi ya siagi. Kuna mti upande huohuo."

"Na kivuli chake?" akauliza mzee. "Kimeangukia wapi?"

"Kimeangukia miguuni pangu," akasema, akaendelea kumweleza.