Shangazi Aliongea na Ukuta, na Ukuta Ukanguruma

Shangazi yangu alianza kuongea na ukuta mwezi uleule nilioanza kujifunza kutengeneza sauti za muziki.

Ningekuwa na akili zangu timamu, hayo mambo mawili ningeyaunganisha siku hiyohiyo. Lakini akili zote nilikuwa nimezielekeza kwenye besi, ile sauti nzito ya chini ya muziki.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiruka hatua mtapotea kama nilivyopotea mimi.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la fotokopi. Unabonyeza, unangoja, unabonyeza tena. Siku moja nikajiambia mimi si mtu wa fotokopi, mimi ni prodyuza. Hakuna aliyenishauri. Nilijiambia mwenyewe na nikajiamini papo hapo.

Nikaacha kazi.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa anaishi peke yake tangu mumewe afariki. Akanipa chumba kinachopakana na sebule, bure kabisa. Ombi lake lilikuwa moja tu, nimchangamshie nyumba. Alisema nyumba imekuwa kimya mno, mpaka mlio wa saa ya ukutani unamkera.

Nikamwambia shangazi, kama ni kelele, umepata mtu.

Sasa, kwa wasioijua hii kazi. Kutengeneza sauti si kupiga kinanda. Unaanza na mlio mmoja mkavu wa kompyuta, unaoudhi kama mashine ya kunyolea. Halafu unaukata huku, unaupunguza pale, unaupa mwanzo wa taratibu na mwisho mrefu, mpaka unageuka filimbi, au upepo, au kitu ambacho hakijawahi kusikika popote. Raha yake haineneki. Mimi nilikuwa nasahau hata kula.

Kumbuka hapo kwenye kula, tutarudi.

Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja wa mtandaoni, mpole, anayefundisha kama anakubembeleza ulale. Nilimwita Kipara, kwa sababu zinazoonekana. Somo lake la kwanza lilihusu chumba unachofanyia kazi.

Nikaliruka. Chumba changu nakijua, nalala humo.

Nikaenda moja kwa moja kwenye besi.

Nilitaka besi ya chini kabisa, ile ambayo haiishii sikioni, inakugonga kifuani. Nikauza simu yangu nzuri nikanunua sabufa, spika kubwa ya besi, kuukuu lakini yenye nguvu. Nikaisukumiza kwenye kona, mgongo kwenye ukuta wa sebule. Meza nikaiweka katikati ya chumba, katikati kabisa, kwa sababu kwenye picha za wataalamu meza huwa haigusi ukuta. Nikaketi kama rubani.

Nikawasha.

Hamna kitu. Ilikuwa kama mtu anakohoa nyumba ya jirani.

Nikaongeza sauti. Bado. Nikaongeza tena. Nikakagua nyaya, nikamlaani aliyeniuzia sabufa, nikailaani kompyuta. Kila siku nikawa natengeneza besi mpya na kuihifadhi. Ya kwanza niliiita Besi ya Mwisho. Iliyofuata, Besi ya Mwisho Kabisa. Kuna moja inaitwa Hii Ndiyo Sasa. Zote zikawa dhaifu, na mimi nikazidi kuzungusha vitufe na kuongeza sauti, siku nzima, mlango nimeufunga.

Basi, mchana mmoja nikazima kila kitu nikatoka kwenda kunywa maji.

Nikamkuta shangazi sebuleni. Kiti chake amekisogeza hadi ukutani, bega limeegemea ukuta, na anaongea. Anauelezea ukuta habari za fundi cherehani aliyemharibia gauni. Alipofika kwenye mikono ya gauni akacheka mpaka akajifuta machozi.

Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu. Nikamuuliza anaongea na nani. Akasema, "Naongea tu, baba." Shangazi huniita baba kwa kuwa nimechukua jina la babu.

Kesho yake tena. Keshokutwa vilevile. Siku moja nilizima mashine nikachungulia bila kuonekana, nikamsikia akisema, "Enhe, nilijua utanuna." Halafu akanyamaza, akatikisa kichwa kama mtu anayejibiwa.

Nikarudi chumbani kinyumenyume.

Mimi sasa, mjanja wa familia, nikaona nina jukumu. Nikampigia binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi katika mji mwingine na wote tunamwita Dada Nesi. Nikamweleza. Na kwa kuwa habari bila chumvi hainogi, nikaongeza kwamba nadhani anaongea na marehemu. Nikampigia na baba mdogo, mdogo wa mwisho wa baba na shangazi, naye nikamwongezea yake.

Wakaulizana kwenye simu wiki nzima. Uamuzi ukatoka: shangazi atahamia kwa Dada Nesi, ghorofani, na nyumba itapangishwa. Mimi nitafute pa kwenda.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba mdomo wangu umenifukuzisha chumba cha bure. Lakini kilichoniuma zaidi, na hili nalisema bila utani, ni kumwona shangazi akipanga nguo zake kwenye sanduku bila kubisha neno. Nyumba ile aliijenga na mumewe. Kila kitasa anakijua kinavyokwama. Alikunja kanga zake taratibu, na mimi nikapita pembeni kama sijaona.

Nikarudi chumbani kwenye besi yangu. Unadhani ningefanya nini, nilie?

Siku waliyokuja kumchukua, nilikuwa nimefikia Besi ya Mwisho Wallahi. Nimeiacha inajirudiarudia, nageuza kitufe kimoja, nasikiliza, nageuza. Gari likapiga honi nje. Nikakurupuka kwenda kuwapokea mizigo, maana ukishakuwa msaliti angalau uwe na adabu.

Na kwa mara ya kwanza, nikatoka bila kuzima.

Nilipokanyaga sebuleni nikasikia vikombe vinalia.

Vile vikombe vya wageni, kwenye kabati la kioo, vilikuwa vinagongana vyenyewe. Saa ya ukutani ilikuwa inacheza kwenye msumari wake. Nikaweka kiganja ukutani, na ukuta ukaningurumia mpaka kwenye kiwiko. Mngurumo mnene, wa chini, unaopanda na kushuka. Ulinigonga kifuani sawasawa.

Ilikuwa besi nzuri ajabu. Na ilikuwa yangu.

Nikarudi chumbani mbio. Nikasimama konani, besi ikanipiga. Nikasogea kwenye kiti changu, ikapotea. Nikarudi konani, ikapiga. Kitini, kimya. Konani, kitini, konani, kitini. Nilipogeuka, baba mdogo na Dada Nesi walikuwa wamesimama mlangoni wananitazama.

Dada Nesi akaniuliza kwa upole wa kazini mara ya mwisho nililala lini.

Ndivyo nilivyokuja kulitazama somo la kwanza la Kipara, baadaye, nikiwa nimechelewa. Kumbe sauti za chini zikigonga kuta hurudi, na zikikutana katikati ya chumba kama changu zinauana. Katikati kabisa ndiko unakosikia kidogo kuliko kote, na kwenye kuta na kona zinajazana. Mzee alisema wazi, meza usiiweke katikati. Mimi nilichagua mahali pekee ndani ya nyumba nzima ambapo besi yangu haikusikika, nikakaa hapo miezi, nikailaumu sabufa.

Lakini wakati ule sikuwa na maelezo. Nikawavuta sebuleni wote wawili, nikawaambia washike ukuta. Nikakimbia kuzima. Ukuta ukanyamaza. Nikawasha. Vikombe vikalia. Nikazima tena, nikatoka nikiwa natokwa jasho, nikasema, "Si marehemu. Ni mimi."

Baba mdogo akautoa mkono ukutani. Akasema nilikuwa nafanya vizuri sana kwenye fotokopi.

Dada Nesi hakucheka. Alisema sawa, mngurumo una mwenyewe, lakini mama kuongea nao je? Ukuta ukinguruma, mtu mzima anauliza kuna nini. Hakai kuusimulia habari za mafundi.

Hapo shangazi akaweka kikombe chake cha chai chini. Alikuwa ameketi muda wote huo kando ya sanduku lake, kanga mabegani.

"Nilijua ni yeye tangu siku ya kwanza," akasema. "Nani mwingine yumo humo ndani?"

Dada Nesi akamuuliza mbona hakusema.

"Hakuna aliyeniuliza. Mmeulizana wenyewe. Ningebisha mngesema ndiyo dalili yenyewe."

Shangazi akaendelea kueleza kwamba mtoto huyu anaingia humo asubuhi anatoka jioni. Akigongewa mlango hasikii. Akiitwa hasikii. Kwa hiyo akasogeza kiti ukutani, akawa anamzungumzisha kutokea huku. Na alipoongea, mngurumo ukawa unabadilika, unapanda, unashuka, unanyamaza kidogo.

"Ananijibu," akasema. "Kwa mashine yake. Sisi tunaongea."

Wote wakanigeukia.

Nikamwona shangazi na sanduku lake. Nikaona kiti kilichosogezwa ukutani. Nikakumbuka kila nilipozungusha kitufe nikiilaani sabufa, na yeye upande wa pili akingoja.

"Ni kweli anavyosema mama?" Dada Nesi akaniuliza. "Ulikuwa unamjibu?"

"Ndiyo," nikasema. "Kila siku. Hata habari ya mikono ya gauni niliisikia."

Dada Nesi akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akaketi juu ya sanduku akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Alisema alikuwa ameshamtafutia mpaka daktari. Akamwomba mama yake msamaha, na shangazi akampapasa mgongo akamwambia ale kwanza. Sanduku likarudi chumbani. Baba mdogo ndiye aliyelibeba.

Walipoondoka nikabaki namsaidia shangazi kukusanya vikombe. Nikajiona shujaa. Nimeokoa nyumba, nimeokoa jamaa, na besi ninayo.

Shangazi akafuta kikombe, akakirudisha kabatini.

"Umedanganya vizuri," akasema.

Nikaduwaa na sinia mkononi.

"Hukuwa unasikia hata neno moja. Ungekuwa unasikia, ungekuja kula chakula kikiwa bado cha moto. Nilikuwa nakuita kila mchana, baba. Ukiita sana bila kuitikiwa, unaanza kusimulia chochote."

"Kwa nini ulisema nakujibu?"

"Nilitaka nione utasema nini."

Nilikaa pale chini sebuleni nikalia, jitu zima, prodyuza. Aliniacha nilie, kisha akaniambia sinia litaanguka.

Funzo langu ni hili, wenye masikio mlichukue. Usiruke somo la kwanza. Na ukitaka kujua sauti yako inafika wapi, usiulize kiti chako. Inuka, zunguka nyumba, kamuulize aliye upande wa pili wa ukuta. Nilitumia miezi kujifunza kusikiliza, na mtu aliyekuwa ananiita kwa jina sikumsikia.

Siku hizi meza yangu imetoka katikati na mlango hukaa wazi. Besi ile nimeiita Shangazi. Mchana akianza kuongea nazima mashine, namgeukia, nampa maoni yangu.

Juzi ameniomba niiwashe tena nifunge na mlango. Anasema ukuta ulikuwa haumkatishi maneno.