Kamera Yenye Mimba

Heche Machage alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja, ule unaoisha kwa uji na usingizi. Huu ulimwingia magotini Burma, alikokwenda vitani, na biashara aliyoichagua baada ya vita haikumpa nafasi ya kukaa kitako. Alinunua kamera kuukuu na lenzi zake, akawauzia wapiga picha wa Musoma na Kisii. Sisi jirani zake wa Nkende tulimcheka: Tarime nzima inafuga ng'ombe, mwenzetu anafuga macho ya vioo! Hakutujibu. Nguvu ya kujibu aliitunzia safari ya Mugumu.

Huko ndiko kamera zilikopatikana, kwa wapishi na wapagazi wa wawindaji wa Kizungu, waliopewa moja badala ya asante. Heche aliikagua kamera kama ng'ombe wa mnadani. Aliitikisa kidogo, akaifyatua na kusikiliza kama inakwama. Lenzi aliielekeza kwenye mwanga kutafuta ukungu, ambao yeye aliuita mtoto wa jicho, na akiuona tu bei ilishuka. Mwisho, kabla hajafungua mgongo, aliuliza: "Ina mimba?"

Msicheke. Aliwahi kufungua kamera yenye filamu, mwanga ukaunguza picha zote za harusi ya watu, nusura apigwe panga. Tangu hapo alifuata sheria ya zizi. Kamera yenye filamu ni ng'ombe mwenye mimba: mnunuzi anachukua mama, ndama akizaliwa anarudi kwa mwenye mali. Wakurya walimwelewa papo hapo, bila habari ndefu za mwanga na giza.

Mwaka wa hamsini na sita aliitwa Itiryo na mjane mmoja, Ghati. Mwanawe wa pekee, Werema, alikuwa mpagazi wa wawindaji huko Serengeti. Alirudi nyumbani na kamera, akakaa msimu mmoja, homa ikamchukua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Kaa. Kamera hii hapa, nataka mtamba mmoja."

Heche akaikagua. Lenzi safi, mlio mzuri. Akauliza swali lake.

"Ina mimba," alisema Ghati. "Na ndama ni wangu. Mtamba mwenyewe hata akichelewa si neno. Ninachotaka ni uso wa mwanangu. Sina picha yake hata moja, na sasa nikifumba macho simwoni vizuri. Umo humo ndani. Kila siku alikuwa ameuweka pale kwenye kioo, nilimwona mwenyewe."

Hapo Heche alipaswa kusema. Alijua kwamba anayepiga picha haingii kwenye picha. Lakini kumweleza mama wa watu jambo hilo, magoti yakiuma na njia ya kurudi bado ndefu, alikuona ni mlima. Huenda kuna mtu aliwahi kumshikia, alijiambia. Akanyamaza, akaichukua kamera.

Fundi wa Musoma aliisafisha filamu, akampa bahasha. Heche alizitazama picha akiwa amesimama barazani. Ng'ombe. Mlango wa nyumba. Njia ya kisimani. Ng'ombe tena. Werema hakuwemo. Alizirudia moja moja, kana kwamba kijana angetokea nyuma ya ng'ombe, kisha akakaa chini palepale. Ningekuwa mimi ningempa mtu mwingine azipeleke. Yeye alizipeleka mwenyewe, pamoja na mtamba, na njia nzima mnyama ndiye aliyemvuta.

Ghati alizipokea kwa mikono miwili. Alizipitia haraka, halafu polepole.

"Yuko wapi?"

"Hayumo, mama. Yeye ndiye alikuwa anapiga. Anayeishika kamera haonekani. Nilipaswa kukwambia siku ile."

"Basi umeniletea nini?" Sauti ilimpanda. "Ng'ombe wako nje, nawaona! Njia naipita kila siku! Mimi nililia mtoto, wewe unaniletea mlango?"

Heche alitamani ardhi impe mahali pa kulala tu.

Mama akaitupa ile bahasha, na picha moja iliyonata ndani, ambayo hata Heche hakuwa ameiona, ikachomoza. Akaiokota kwa hasira. Ilikuwa ya mwanamke mwenye kibuyu mapajani, mkono mmoja ameuinua kama anayefukuza kuku, mdomo wazi, pengo nje, anacheka mpaka macho yamefumba.

"Na huyu bibi ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi? Mimi sicheki hivi."

"Hapo ulicheka."

Akaisogeza karibu na macho. Alikijua kibuyu, akalijua na shuka lake.

"Nilikuwa namfukuza," alisema. "Nilimwambia, toka hapa na kitu chako, niache nifanye kazi." Akainua macho. "Yeye alisimama wapi?"

"Mbele yako, mama. Hapo ulipo wewe sasa, ukiitazama picha, ndipo alipokuwa."

"Kwa hiyo hapa ananiangalia."

"Anakuangalia."

Ghati akalia, machozi yakidondokea shuka. Kisha akaiegemeza picha kwenye mtungi, akaigeuza imwelekee, akafunga upya kitambaa chake kichwani na kujifuta uso.

"Ngoja basi," alisema, "nikae vizuri."