Mama Mkwe Niliyemwongeza Kitabuni

Mama mkwe wangu alikuja Sydney kutoka Tabora kwa miezi mitatu, kumwona mjukuu wake. Mwezi wa pili ndege zikasimama kwa sababu ya korona, akakaa nasi karibu miaka miwili. Tulikuwa wanne kwenye nyumba ndogo ya kupanga pale St Marys: yeye, mume wangu, binti yetu wa miaka kumi na mmoja, na mimi. Nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, kwa hiyo ni mimi peke yangu niliyeruhusiwa kutoka kila siku. Televisheni ilimchosha Mama kwa kutaja wagonjwa asubuhi hadi jioni.

Siku moja, nikitoka kazini, nikakuta jirani ameweka boksi la vitabu vya bure nje ya uzio wake. Nikaokota kimoja kinene, kimechanika jalada. Ilikuwa riwaya ya Kikazaki iliyotafsiriwa kwa Kiingereza. Jioni nikaanza kumsomea Mama, nikigeuza kwa Kiswahili papo hapo.

"Kazakhstan ndiyo wapi?"

"Kule kati ya Urusi na China, Mama."

Bibi harusi wa kitabuni aliingia kwa wakwe kwa mguu wa kulia, akawainamia wazee, na tangu siku hiyo hakulitamka jina la baba mkwe wake hata mara moja. Mama akaweka chini kitambaa alichokuwa anafuma.

"Hawa ni Wanyamwezi," akasema. "Wamepotelea tu huko kwenye baridi."

Tukafika kwenye chai. Kumbe mkwe wa Kikazaki humimina kidogo tu kwenye bakuli, ili mgeni alirudishe mara nyingi naye apate kumhudumia tena. Ukimjazia mgeni hadi juu, umemwambia aende kwao. Mama akakitazama kikombe chake. Nilikuwa nimekijaza hadi ukingoni, kama nilivyofanya tangu afike.

"Kwa hiyo mwaka mzima ulikuwa unanifukuza."

"Mama, ndege zenyewe hakuna."

"Ndiyo maana sijaondoka."

Kuanzia hapo nikawa namimina chai kidogo kidogo, mara nane au tisa kila jioni, huku miguu inawaka moto kwa kusimama kutwa nzima. Wiki ya pili uvumilivu ukaniisha. Nilipokuwa nasoma, nikamtungia bibi harusi mama mkwe wa aina nyingine. "Mwanangu," nikamfanya yule mama aseme, "kalale, vyombo nitaosha mimi."

Mama akauliza, "Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Alikuwa na hekima tu."

Nikanogewa. Mama mkwe wangu wa kubuni akasifia wali wa mkwewe, akamwacha alale Jumamosi hadi saa nne, na hakuuliza hata siku moja mtoto wa pili yuko wapi. Usiku mmoja Mama akainuka, akaosha vikombe. Nilifurahi mno, nikajisahau.

Binti yetu alikuwa akifanya masomo yake kwenye kompyuta, meza hiyo hiyo. Kiswahili alikielewa, ila alijibu kwa Kiingereza siku zote. Jioni moja akanyoosha shingo, akausoma ukurasa, kisha akasema, "Bibi, Mama nasema uongo. Hiyo haiko kwa kitabu."

Sentensi yake ya kwanza nzima ya Kiswahili baada ya miaka, na aliitumia kunichongea.

Mama hakunigombeza. Akachukua kitabu mikononi mwangu, akampa mjukuu. "Soma wewe. Kwa Kiswahili."

Mtoto akasoma, Bibi akimsahihisha kila mstari, hadi wakafika mahali ambapo mtoto wa Kikazaki anatakiwa kuwataja babu zake saba. Mama akamgeukia mjukuu amtajie wake. Alimjua baba yake na babu yake, basi. Mume wangu akaitwa kutoka chumbani amsaidie. Akataja watatu, akakwama, akaanza kukohoa.

Siku zile kukohoa hakukuwa jambo la mchezo. Nikamfungia chumbani, nikamchokonoa pua kwa kijiti cha kupimia, nikapiga simu kazini kwamba siendi. Majibu yakatoka salama, na ya kesho yake pia. Akakiri kwamba kikohozi kilikuwa cha aibu, na kwamba usiku alimpigia simu baba yake mkubwa Tabora. Akatoka na karatasi yenye majina saba.

Mama akaisoma kwa kidole. Kwenye jina la tano akasimama.

"Huyu aliiba ng'ombe. Mrukeni."

"Nataka huyu," binti akasema, akavuta kiti karibu. "Aliiba ngapi, Bibi?"

Mama alikataa kusema. Baadaye akasema mmoja. Kufikia chakula cha mchana walikuwa ishirini na wawili, na mwizi alikuwa amevuka nao mto usiku huku akiwaimbia wasilie. Mimi, niliyekuwa na siku nzima ya mapumziko bila kuitafuta, nililala kwenye kochi nikiwasikiliza.