Aliyekata Waya wa Intaneti Yangu

Nilimkuta jirani yangu Bartolomayo getini kwake, nikamuuliza kama anajua nani amekata waya wa simu ukutani kwangu.

Sikumaliza swali.

"Ni mimi, mzee," akasema. "Nimekata mimi. Nisamehe."

Nimeishi miaka mingi. Sijawahi kuona mtu anakiri kosa kabla hajabanwa.

Hii ilikuwa mtaani kwetu Area D, mwaka 2009. Kampuni za simu zilikuwa zinagombania wateja kama wapiga debe stendi, na mimi nikavutiwa intaneti ya waya mpaka sebuleni. Mtaani walinicheka. Mzee mstaafu, intaneti ya nini?

Ya Evarista, kitinda mimba wetu.

Chuo cha hapa kwetu Chimwaga kilikuwa kimeshafunguliwa, lakini yeye alipata nafasi India. Mwaka wake wa pili figo zikaanza kumsumbua, akawa mtu wa kulazwa. Kumpigia kwa simu ya mkononi kulikuwa kunakula vocha balaa. Kwa hiyo kila alasiri nilikaa mbele ya kompyuta, namwona kwa video na yeye ananiona. Mwenzake wa chumbani, binti wa Kitanzania anaitwa Generosa, alikuwa anampelekea kompyuta wodini.

"Baba, nikishakuona ndiyo napata usingizi," aliniambia.

Basi usingizi wa mwanangu ukawa unapita kwenye ule waya.

Na waya wenyewe ulikuwa msumbufu. Simu ya mezani ikiita tu, intaneti inakatika. Nikaita fundi. Akazima, akawasha, akanywa chai, akaondoka. Ikakatika tena kabla hajafika barabarani.

Mimi nimesoma shule ya jioni, baada ya kazi, na nimezoea kujifunza kitu taratibu mpaka kinikubali. Nikachukua kijitabu cha modemu na kamusi. Nikagundua ile simu haikufungiwa filta, kile kidude kinachotenganisha sauti na intaneti. Nikanunua, nikafunga, mambo yakatulia. Baadaye ikawa upepo ukivuma inakatika. Nikafuata waya mpaka nje, nikakuta kiungo kimelegea ndani ya kiboksi cha ukutani. Nikakikaza. Kusema kweli nilitamba sana. Hata waliokuwa wananicheka wakaanza kuniletea redio zao.

Sasa Jumapili moja nikatoka kanisani, nikakuta laini imekufa kabisa.

Mke wangu Penina hakwenda ibadani siku hiyo, alisema kichwa kinamuuma.

Nikazima modemu, nikasubiri, nikawasha. Taa ya laini inapepesa tu. Nikabadili waya wa ndani, nikatoa filta. Nikainua simu ya mezani nisikilize mlio. Kimya. Nikajua tatizo liko nje.

Nikaomba simu yangu ya mkononi. Penina akasema amemwazima mama mmoja wa kwaya mwenye mgonjwa, na yake imeingia maji. Aliyasema hayo akiwa ameinamia mchele anaochambua. Alichambua mchele ule mpaka giza likaingia.

Jumatatu nikaenda ofisi ya simu. Wakapima, wakasema mpaka kwenye nguzo laini ni nzima, watatuma mtu wiki ijayo. Nikawaambia nina mtoto mgonjwa, hawezi kungoja wiki ijayo. Wakaniambia nijaze jina.

Njiani watu wananiamkia kwa upole uliopitiliza. Shikamoo mzee, halafu wanatazama chini. Nikadhani habari ya intaneti yangu imeenea.

Nilipofika nyumbani nikafungua kiboksi. Waya ulikuwa umekatwa kwa koleo, safi, ncha zimekunjwa kwa ndani.

Mwenye koleo karibu ni Bartolomayo, fundi magari. Na tulikuwa na neno: aliwahi kuomba niwavutie wanawe intaneti, nikamkatalia.

Ndiyo nikamfuata getini, akakiri kama nilivyosema.

Nilimwambia maneno ambayo mtu mzima hamwambii mwenzake. Nikamwambia ana roho ya kwa nini. Nikamwambia, "Mwanangu akizidiwa huko, damu yake iko kwenye koleo lako." Akasimama tu, mikono nyuma.

"Nenda kapumzike, mzee," akasema. "Kesho nitakuja kuunga mwenyewe. Leo uache."

"Na leo mtoto atalalaje?"

Akageuza uso.

Nyumbani Penina alisimama mlangoni. "Baba Eva, chakula kinapoa. Kula kwanza." Nikamwambia nitakula nikishamwona mtoto. Akarudi ndani.

Nikamenya ncha kwa kisu, nikazisokota, nikazungushia utepe wa umeme. Nikaingia sebuleni. Taa ya laini imetulia.

Nikapiga. Ikapokelewa hapo hapo.

Hakuwa Evarista. Alikuwa Generosa, ameketi kitandani, sanduku liko wazi, anakunja kitenge ambacho Penina alimnunulia Evarista. Nikafurahi. Nikajua mwanangu ameruhusiwa, anarudishwa nyumbani.

"Shikamoo baba," akasema. "Poleni sana. Mwishoni hakuteseka. Mwili unaondoka huku kesho."

Alidhani najua. Walishapiga kutoka huko simu ya mezani Jumapili nikiwa kanisani, Penina akapokea.

Katika ukoo wetu mzazi hapewi habari kama ile kwa simu. Mke naye hamwambii mumewe wakiwa wawili. Wanakuja wakubwa, wanakaa, unaambiwa ukiwa umeshikwa. Kaka yangu Sostenes alikuwa kijijini kwetu Haneti, anahangaika kupata gari. Penina alijua nikifika kwenye kompyuta nitayapata peke yangu. Na alijua akichomoa waya wa ndani, nitagundua. Ndiyo akamwomba Bartolomayo aukate ule wa nje.

Nikaifunga kompyuta. Sijainuka, pikapu ikasimama nje.

"Mbukwenyi," kaka akasalimia. Akaingia na shangazi na mchungaji, wote wamejaa vumbi la njiani. Wakakaa. Wakazungumzia mvua, wakazungumzia uwele. Penina akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

Ningeweza kusema najua. Lakini Penina alikuwa ameubeba msiba ule peke yake tangu Jumapili, ili nisiwe peke yangu mimi.

Nikamwacha kaka aseme. Alipofika kwenye jina la mtoto, aliniwekea mikono mabegani. Nikalia. Sikuuliza amekufaje, na wao wakadhani ni mshtuko.

Tulimzika Haneti. Bartolomayo alichimba kaburi tangu mwanzo mpaka mwisho, hakumpa mtu jembe. Jioni akaja kukaa karibu yangu.

"Uliunga," akasema.

"Niliunga."

"Ukampata nani?"

"Rafiki yake."

"Mama Eva asijue," akasema.

Hajui mpaka leo. Mambo ya mtandaoni hayasomi.

Nawaandikia ninyi mnaojua kutengeneza kila kitu. Kitu kikiharibika ghafla nyumbani, na watu wanaokupenda wanakuomba uache mpaka kesho, usikimbilie kisu. Watazame kwanza usoni.