Betri za treni ya baba mkwe zilivyonitoa jasho Masumbwe

Wakuu, shikamooni mlionitangulia. Vijana marahaba, hata kama hamjasalimia.

Jana nimeona mtu humu anauliza abadilishe betri gani za kuchaji kwenye treni yake ndogo ya kuchezea. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Nikamwonyesha. Akasema, "Waandikie, ila usiongeze chumvi." Sasa amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo uongo hauna pa kupita.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mimi ni fundi redio pale Masumbwe, kijana, maneno mengi, suruali pana chini. Nampenda binti anaitwa Kabula.

Baba yake alikuwa gadi wa treni, yule anayepunga bendera ya kijani ndipo treni iondoke, mstaafu wa reli. Miaka yake yote alikuwa njia ya Tabora na Mwanza, halafu akastaafu akaja kulima pamba mahali ambapo reli haipo kabisa. Siku anaagwa kazini, mkubwa wa karakana ya reli alimpa treni ndogo aliyoitengeneza mwenyewe. Kichwa cha treni urefu wa mkono, mabehewa mawili, na reli ya kuzunguka sebule nzima.

Mzee alikuwa anaipenda ile treni jamani. Majirani wengi hawakuwahi kuona treni, wakaiona kwake. Lakini ilikuwa imenyamaza karibu mwaka mzima. Betri zilichoka.

Siku nilipotuma ujumbe kwamba nataka kuleta washenga, mzee akaniita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe si fundi? Chukua betri hizi. Siku ya washenga wako, treni iwe inatembea. Majibu yangu mtayapata baada ya hapo."

Kwa mdomo wangu nikasema, "Baba, hiyo kazi ndogo." Nilikuwa na wiki tatu.

Hapa niwaeleze vijana kitu. Enzi hizo betri za redio zilikuwa adimu. Duka la ushirika linaweza kumaliza mwezi halijaona hata moja. Kwa hiyo zikichoka huzitupi. Unazianika juani juu ya bati, jioni redio inaongea tena kidogo. Zikigoma kabisa unatoboa kwa msumari, unadondoshea maji ya chumvi. Kila nyumba ilifanya hivyo, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wao.

Basi betri za mzee zilikuwa tano, nene, na maandishi ya kigeni. Sikusoma. Nilizianika juu ya bati la mama siku tatu.

Wapi. Nikachukua msumari.

Ile ya kwanza ilitoa maji yakaniunguza kidole, kovu ninalo mpaka leo. Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikatoboa zote tano!

Jioni ile nilikaa nje ya banda langu nikijisikia mjinga kuliko watu wote wa wilaya. Sikuogopa treni, niliogopa kumkosa Kabula.

Nikaanza kutafuta mbadala. Kwanza nikachomoa betri za redio ya mama, nikaongeza nyingine mpaka zikatimia tano. Nikaenda kujaribu mzee akiwa shamba, Kabula ndiye aliyenifungulia. Treni ilikimbia kama imeibiwa, ikaruka kona, ikagonga kibuyu cha maziwa. Tulivyomaliza kufuta maziwa, betri zimeshachoka. Mama naye akakosa kipindi chake cha salamu, akaninunia siku mbili.

Nikaazima betri ya pikipiki ya bwana mifugo. Hiyo inachajika, nguvu inayo, lakini uzito! Ndani ya kichwa haiingii, na juu ya behewa magurudumu yalilala kama ng'ombe aliyegoma.

Nikasikia kwamba Geita kuna mchimbaji wa zamani ana betri za taa za kichwani, za mgodi uliofungwa. Nikapanda lori la pamba mpaka kule. Mzee wa watu alinipa bure, tena akacheka. Zilikuwa zimekaa miaka bila chaji, zimebaki makopo matupu. Nilirudi na vumbi tu.

Ikabaki wiki moja.

Kabula ndiye aliyeniambia niende misheni Ushirombo, kwa Bruda aliyekuwa anashughulikia jenereta na redio ya mawasiliano. Nilimkuta kwenye karakana yake. Nikamwekea mezani betri zangu tano zenye matundu.

Bruda aliokota moja, akaigeuza mwangani.

"Nani kakufundisha kutoboa?"

"Mimi mwenyewe, Bruda. Nilipozianika zikagoma."

"Hizi hazianikwi, bwana. Jua linaziua. Zinataka chaji tu, taratibu, usiku kucha."

Halafu akanifundisha kuchagua, na ndilo jibu la yule muulizaji wa jana. Betri ya kuchaji ina volti moja nukta mbili, ya kawaida ina moja na nusu. Ndiyo maana tano za redio ziliirusha treni. Akasema hesabu volti kwanza, kisha pima nafasi, kisha pima uzito. Usichanganye mpya na za zamani. Na usinunue iliyolala stoo miaka mingi.

Alikuwa na tano za akiba, aina ileile ila nyembamba. Nikamtengenezea redio zote mbovu za misheni siku mbili mfululizo, akanipa zikiwa zimechajiwa.

Kujaribu kwao Kabula, mzee akiwa shamba tena, treni ikaunguruma, magurudumu yakazunguka palepale. Kichwa kilikuwa chepesi mno! Nilitaka kulia. Kabula akaingia ndani, akarudi na risasi za kuzamishia nyavu za samaki ambazo mjomba wake alileta kutoka Chato. Akazipanga ndani ya kichwa, juu ya magurudumu. Ikashika reli, ikaondoka polepole, ikapiga kona vizuri kabisa. Tulirukaruka pale sebuleni kama watoto.

Siku ikafika. Washenga wangu wawili kwenye viti, majirani dirishani. Nikabonyeza swichi. Treni ikazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Akina mama wakapiga vigelegele.

Mzee akaisimamisha, akafungua kichwa, akaona betri nyingine.

"Zangu ziko wapi?"

Washenga wakanitazama. Ningeweza kudanganya. Nikapiga goti. "Baba, nisamehe. Nilizianika juani. Halafu nikazitoboa."

Mzee akajikuna shingo. Mara mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Ng'wanone," akasema, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "na mimi nilizianika. Wiki nzima. Unadhani zilichoka zenyewe?"

Nyumba nzima ilicheka. Mama mkwe alicheka akakaa chini. Kumbe mwaka mzima mzee alikuwa anaona aibu kusema!

Mshenga wangu akakohoa, akauliza kwa adabu kama sasa wanaweza kupata majibu.

Mzee alinyanyuka. Aliingia chumbani, akatoka na koti lake la ugadi na kofia. Akasimama katikati ya sebule, akachomoa bendera ya kijani, akanipungia mimi na Kabula.

Nilichojifunza wakuu: soma maandishi kabla ya kushika msumari, na ukiharibu cha mtu, sema mwenyewe. Huenda na yeye ana lake.

Mke wangu amesoma mpaka hapa, anafuta machozi na anakataa kwamba analia.

Bendera tunayo bado. Haya, nani mwingine humu aliwahi kuanika betri juani? Jitokezeni tujuane.